Kipimo cha Mwendo

Kwanza nilivua viatu vyangu vya mjini,
nikavaa mabuti ya mwenye shamba, namba kumi,
nikakanyaga dawa kwenye karai la mlangoni.
Shedafa akasema: Taratibu, dada.
Ukiingia kwa kishindo watakimbilia kona,
watalaliana,
na wa chini hatoki.

Banda la tatu, Rau, nyuma ya majaruba ya mpunga.
Kuku elfu nne, siku thelathini na mbili duniani.
Mlima haujaonekana tangu Jumatatu.

Mwongozo unasema: simama dakika tano, usifanye kitu,
wakuzoee, ndipo uanze.
Nikasimama.
Amonia ikanipanda puani, machozi yakanitoka,
wala hayakuwa ya huruma.
Niliandika: hewa, daraja la tatu.
Shedafa hakufikicha macho. Yeye hulala humu,
nyuma ya ukuta wa mabati,
na karatasi yangu haina mstari wa Shedafa.

Nikamshika wa kwanza, nikamgeuza.
Moyo ulimwenda kama cherehani.
Chini ya unyayo, doa jeusi, punje ya pilipili manga.
Wa pili, doa. Wa tano, doa.
Chini ya chuchu za maji maranda yamelowa,
yakakauka, yakalowa tena,
yameshikana kama ukoko wa ugali.

Kisha mwendo.
Sifuri ni anayekwenda bila shida,
tano ni asiyeinuka.
Nilikuwa nanong'ona namba, Shedafa akacheka.
Huyo unayemwita mbili, akasema,
mimi naona anapita mbele ya duka analodaiwa.
Na yule, tatu yako,
ametoka kilabuni na anajua mkewe yuko macho.
Nikacheka nami, kalamu ikaniponyoka.
Na huyu wa nne?
Akatazama kidogo.
Huyo ni mama yangu, mwaka ule wa mwisho,
akitoka kitandani kwenda mlangoni kuota jua.

Niliandika nne.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Hawa wote ni wageni, hawajamaliza mwezi wa pili,
na sijaona kamba hata moja.
Kifua kimetangulia, miguu bado ya mtoto.
Wamefungwa kwa nyama yao wenyewe.

Mama Aikande alichungulia dirishani, simu sikioni:
Watafika kilo mbili kabla ya Ijumaa?
Nikamwambia sijaja na mizani.
Akaniangalia kama fundi aliyesahau nyundo.

Karibu na ukuta alikuwapo wa tano.
Ameketi, shingo ameinyoosha kuelekea kwenye maji
ambayo wenzake wanayagonga, ti, ti, ti.
Mbele yake kifuniko cha ndoo, kimejaa.
Nani ameweka?
Shedafa akainama kuokota unyoya usiokuwapo.
Niliambiwa nimnyonge Jumapili, akasema.
Jumapili nilikuwa na kazi nyingi.

Swali la kumi na nne: Je, kuku wote wanafikia maji?
Ndiyo. Hapana.
Nikatia alama kwenye ndiyo.
Nikafuta. Nikatia kwenye hapana.
Kumnyonga ndiyo huruma, tulifundishwa hivyo,
nami nilipata alama nzuri katika somo hilo.
Nikafuta tena,
karatasi ikatoboka.

Jumamosi, sokoni Kiboriloni,
mama mmoja amepanga miguu ya kuku kwenye sinia,
imeoshwa, imechunwa, vidole juu
kama darasa zima linalojua jibu.
Chagua, mwanangu, yote ya leo.
Nilichuchumaa. Mkono ulienda wenyewe
kuigeuza, kutafuta punje za pilipili manga.
Hazikuwapo.
Amekwishazitoa kwa wembe, moja moja,
na katikati ya kila unyayo
ameacha tundu dogo, safi.