Herufi A na Nukta

Julai, Uyole. Baridi imeingia hadi kwenye vitufe.
Nimejifunga khanga juu ya sweta la marehemu kaka,
jiko la mkaa miguuni, mlango nimeuacha upenyo.
Mbele yangu faili la marejeo, mistari elfu sita:
ripoti na tasnifu za watu waliolima kwa kalamu.

Limeota magugu.
Mabano yamefunguliwa, hayakufungwa.
Koma zimekaa tu, hazina kazi.
"Mbeya" imeandikwa "Mbea" mara kumi na nne,
kana kwamba mji mzima shughuli yake ni umbea.

Kipanya sikitaki. Kipanya ni kuku, hudonoa punje mojamoja.
Nafungua dirisha jeusi, naandika amri fupi, nagonga,
na mistari inateremka kama maharage kwenye ungo wa mama,
mama aliyepepeta bila kutazama,
mdomo wake uko kwenye harusi ya Igawilo,
na vijiwe vyajua vyenyewe pa kuangukia.

Panga kwa jina. Panga kwa mwaka.
Wanaofanana, unganisha.
Elfu sita zikawa elfu nne na ushei.
Nikajisifu peke yangu, nikamimina chai.

Saa saba usiku ndipo nilipomwona.
Mwakasungula, A.: kutu ya maharage, 1961.
Mwakasungula, A.: mbegu za viazi, 1994.
Na kwenye shukrani za hiyo ya viazi,
nilizozichapa mwenyewe mwezi jana:
"Kwa baba, tuliyemzika Masoko mwaka sabini na mbili."

Ambakisye, baba.
Atupele, binti.
Amri yangu ilitazama herufi moja na nukta,
ikamfufua mzee, ikamwongezea miaka ishirini na miwili ya kazi,
ikamfuta mama wa watu aliye hai,
mwenye ng'ombe watatu pale Isyesye,
ambaye kila Jumapili huniuliza hali ya kifua changu.

Mjumbe hauawi. Kompyuta ilitumwa.

Nakala ya jana ipo. Nimeirudisha,
naanza upya, na safari hii amri inabisha hodi
kabla ya kila ndoa: hawa ni mmoja?
Hapana.
Hapana.
Ndiyo.
Huyu simjui, mwache.

Umeme umekatika nikiwa kwenye M.
Mkaa unapasuka gizani.
Kesho nitapita kwa Atupele kuchukua maziwa,
nimuulize ile ripoti isiyo na mwaka, ya mahindi,
ni yake, au ya mzee.