Glavu za Bibi Zenta

Wizara iko ng'ambo hii, taasisi ng'ambo ile,
na katikati yao mto Daugava umeganda
kama kikao kilichoahirishwa.
Mimi ndiye daraja: Vizma, afisa kiungo,
jalada kwapani, viatu vimeliwa na chumvi ya barabarani.

Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana.
Hawakuwahi kuandikiwa dokezo na Gundars,
mkuu wa idara, mwenye wino wa kijani
na mkato unaouma kuliko nukta.

Shauri lenyewe: glavu mia mbili za sufu
ziende Lisbon, zitundikwe ukutani,
Wareno watujue kabla hawajatusoma magazetini.
Amezifuma Bibi Zenta wa Kuldīga,
na chini yake tuweke kauli yake:
"Nilizipimia mikono ya watu nisiowajua."

Gundars akaipiga mstari.
Akaandika: *Ishara ya ushirikiano wa kimkakati.*
Madara, mkurugenzi wa taasisi, akajibu pembeni:
*Mkono hauna mkakati. Mkono una baridi.*
*Taasisi ijikite katika utekelezaji.*
*Wizara ijikite katika itifaki.*
Rejea. Rejea ya rejea. Nakala kwa, nakala kwa.
Wiki tatu nikivuka na kurudi,
hata mlinzi wa ng'ambo akaacha kuniuliza kitambulisho,
akawa ananiuliza hali ya goti.

Kosa la nani, sisemi. Wote wana haki,
na hilo ndilo linalochosha:
huyu anaogopa neno litakalosomwa vibaya na jirani,
yule anaogopa neno lisilosomwa na mtu.

Maonyesho yakafunguliwa Juni, joto la kuyeyusha nta.
Kibao cha maelezo kilikuwa cheupe;
hakuna aliyetia saini.
Nilikuwepo. Akaingia muuza samaki,
vidole vimepasuka kwa barafu ya sokoni.
Akatazama kushoto, akatazama kulia,
akatia mkono.
Akautoa polepole,
kama mtu anayemvua koti mtoto aliyesinzia.

Balozi akaripoti: *Mafanikio, kwa mujibu wa msimamo wa Wizara.*
Taasisi ikaripoti: *Mafanikio, kwa mujibu wa mpango wetu.*
Nikazitoboa karatasi zote mbili matundu yaleyale,
nikazifunga kwa uzi mmoja.

Glavu zikarudi mia moja tisini na tisa.
Sasa kuna jalada jipya: nani alipe?
Gundars anasema bima ni ya taasisi.
Madara anasema mizigo ya kibalozi ni ya wizara.

Nikampigia Zenta simu,
nimtake radhi kwa niaba ya Jamhuri.
Akauliza, iliyopotea ni ya kushoto au ya kulia?
Ya kushoto, Bibi.
Kimya. Nikasikia sindano zikigongana.
"Basi mpelekeeni na ya kulia," akasema,
"huo mkono mwingine unaumia bure."

Nimeandika dokezo.
Linasubiri saini mbili.