Siku Kumi Zijazo

Mwuza dawa wa Zhangde hakutaka mfupa wenye mikwaruzo.
"Joka halijikuni," alisema, akautupa kapuni mwangu,
akaenda kupima wa jirani, mweupe, laini,
sarafu sita kwa ratili.

Basi nikajifunza.
Pamba ikishavunwa, kabla ardhi haijawa chuma,
jembe lilifukua mifupa kama linavyofukua mawe:
mabega ya ng'ombe, magamba ya tumbo la kobe,
na juu yake vijialama vyembamba,
nyayo za ndege aliyetua kwenye tope akaghairi.
Nilikaa kizingitini na kisu.
Kwaru, kwaru, mpaka giza.
Unga ulinijaa nyusi. Mke wangu akacheka:
umezeeka mchana mmoja, kwa sarafu sita.

Sikujua kusoma. Nani kwetu alijua?
Niliona alama iliyofanana na farasi,
nyingine mtu aliyepiga magoti.
Nikazifuta zote mbili, farasi kwanza.

Mwaka ule Xiaoman alishikwa na homa.
Tulimpa jina la siku zile ngano inapoanza kujaa maziwa;
akawaka kuliko kitanda chetu cha udongo
kilichochochewa moto chini yake.
Nilikwenda sokoni kwa Kipofu Bai, anipigie ramli.
Alirusha sarafu tatu, mara sita, juu ya kitambaa,
akazipapasa kwa kidole gumba,
akasema mstari wa tatu umekatika, nisubiri.
Kusubiri nikakulipia shaba mbili,
na kusubiri nilikuwa nako tele nyumbani, bure.

Nikarudi. Nikachukua gamba moja la kobe,
nikalikwangua nusu,
nusu tu, mkono ulikuwa unatetemeka,
nikakoroga unga kwa maji moto na tangawizi,
nikamnywesha kijiko kwa kijiko.
Lililobaki nikalichomeka ukutani, pale upepo unapopenya.

Miaka saba ikapita. Akaja mgeni kutoka kaskazini,
Bwana Qi Boheng, mwenye miwani
na viatu visivyolijua tope letu.
Yeye mifupa laini hakuitaka.
Alilipa kwa alama: kila mkwaruzo, kipande cha fedha.
Kijiji kizima kikashika kichwa.
Jirani Pang, mtu wa haraka, usiku uleule
alianza kuchonga upya,
farasi wenye miguu mitano.

Mimi nilibandua lile la ukutani.
Bwana Qi akalipangusa kwa mate, akanyamaza.
Kisha akanieleza: wafalme wa kale, wenye nchi hii tunayoilima,
walitoboa vishimo mgongoni mwa gamba,
wakagusisha kaa la moto,
gamba likapasuka: pu!
Na ule ufa wakausoma
kama sisi tunavyosoma uso wa mdai anayekuja.
Waliuliza mvua. Waliuliza mimba ya malkia,
jino la mfalme, ni babu yupi analiuma.
Na kila siku ya kumi waliuliza hili,
akalifuata kwa ukucha, alama baada ya alama:
*Siku kumi zijazo, hakuna balaa?*

Nikangoja.
Akaligeuza gamba, akaligeuza tena.
"Jibu lilikuwa hapa," akasema,
kidole kikiwa juu ya weupe nilioukwangua.
"Limekwenda wapi?"

Uani Xiaoman alikuwa anaanua pamba, kapu kiunoni.
Nikanyoosha mkono: lile pale, bwana.
Nikamwita, ili amwone uso.
Hakugeuka.
Homa ile iliondoka siku ya tisa,
na haikuondoka mikono mitupu; ilichukua masikio.
Nikamwita tena, kwa mazoea tu.
Bwana Qi naye akaita, kwa sauti ya watu waliosoma.

Nyuzi za pamba zilimshika nyweleni.
Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole, sijui nini.
Akafika kumi,
akaanza upya.