Chewa wa Barafu

Muhenna kashuka Maskati alfajiri
na sanduku la sponji lililovuja hadi mlangoni.
Hakuniletea manukato. Hakuniletea hata soksi.
"Shangazi, samaki wa Norwei. Anaitwa kodi."
Kodi? Kodi nailipa kila mwezi, mwanangu,
haijapata kunishibisha.

Minofu minne, migumu kama vibao vya kukatia.
Nikaigonga kwa kijiko: ko, ko.

Hapa Sib chewa tunamjua.
Sokoni wanamwita hamuri, na ananunuliwa kwa jicho:
jicho likiwa na ukungu, unapita kama hukumwona.
Huyu hana jicho. Hana kichwa, hana mkia,
hana hata mwiba wa kusimulia alikotoka.

Nikamlaza kwenye friji hadi kesho yake, Ijumaa.
Kalia maji kikombe kizima.
Nikamfuta kwa kitambaa kama mtoto aliyetoka kuoga,
nikampa chumvi, nikamwacha saa nzima afikiri.
Samaki mweupe asipokauka hakaangiki;
hujichemsha mwenyewe ndani ya mafuta yako.

Mnofu wa kwanza akauchukua Raya, wifi yangu,
mzaliwa wa Wete, mkaidi wa makaa.
Tui zito, ndimu, pilipili mbuzi,
jiko uani, joto digrii arobaini na mbili,
na yeye kajifunga kanga kichwani, anapaka, anageuza.
Alipogeuza mara ya pili samaki akaaga:
nusu kwenye waya, nusu motoni.
"Huyu hakufunzwa kushikamana," akasema,
na zile za motoni akazila kwa vidole, bila kumkaribisha mtu.

Wa pili ulikuwa wa Asila, mke wa kaka yangu,
aliyekuja na Kiswahili cha Bujumbura na bado hajakibadilisha.
Unga, chumvi, mafuta hadi yaseme,
halafu nyanya na vitunguu juu yake, vingi,
mpaka samaki akawa fununu tu.
Tulikula. Tulisifu vitunguu.

Jirani, Bi Ghaniya wa Sur, alinusa akavuka ukuta.
Kiswahili chake maneno kumi, manane ya jikoni.
Akatoboa limau kavu tatu kwa uma,
manjano, kitunguu maji, mchuzi mwepesi uliokwisha iva,
ndipo akasema, "Samaki mwisho,"
akautumbukiza, akazima moto, akafunika,
akakaa juu ya kiti kana kwamba analinda benki.
Alipofunua, nyama imefunguka yenyewe, kurasa kurasa,
nyeupe, ina maji yake.
Hatukusema neno. Raya aliomba mchuzi tena.

Ukabaki mmoja.
Nikamuuliza mwenye samaki: wewe je, umpendaje?
Miaka sita kule. Akaona haya.
"Mchemshe tu, Shangazi. Na viazi. Siagi kidogo."
Raya alicheka hadi akashika meza.
Chakula cha wagonjwa!

Nikamchemsha. Maji yasitokote, alisema,
yatetemeke tu. Nani kamfunza huyu kutazama maji?
Akala akifumba macho,
polepole, kama anayesoma barua,
na mama yake akageuka kwenye sinki
kuosha sufuria aliyokwisha kuiosha.

Nami nilionja, pembeni, nilipokuwa peke yangu.
Nikaitafuta ladha. Ilikuwepo, mbali,
kama redio ya nyumba ya tatu.
Sikuongeza ndimu. Nilitaka, lakini sikuongeza.

Jumatatu anarudi.
Sanduku la sponji nimelikosha kwa siki,
nimelijaza hamuri, vipande, pamoja na vichwa,
limau kavu kwenye soksi safi zisivunjike,
nimezungushia gundi mara saba.
Mpe mwenye nyumba wako, nimemwambia.
Mwambie kodi ya mwezi huu ndiyo hii,
na asithubutu kumchemsha.