Kituo cha Kerrobert, Saa Nane Usiku

Watu hudhani mafuta hujiendea yenyewe,
kwamba ukishayamimina bombani kule Alberta
yatateremka kama maji ya mfereji
hadi kiwandani.
Yateremke wapi? Saskatchewan ni bapa kama sinia,
na mafuta haya ni mazito, mavivu, yana ubishi.
Kila hatua bomba huyashika shati,
kila kilomita huyapunguzia pumzi,
na yakifika kwetu
yamechoka.

Kazi yetu ni kuyarudishia pumzi, basi.
Hatuongezi tone, hatupunguzi tone.
Yanaingia kwa presha ya mnyonge,
yanatoka kwa presha ya mtu aliyetukanwa.
Pampu tatu zinanguruma, ya nne imelala
ikisubiri mwenzake augue.

Orest Wasylyk, miaka thelathini na moja hapa,
haanzi na skrini. Huchukua bisibisi ndefu,
huigusisha ncha kwenye gamba la beringi,
huubana mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio,
hufumba macho.
"Namba mbili ina mchanga kooni."
Siku ya kwanza nilicheka.
Wiki iliyofuata beringi ikafunguliwa,
na gololi zake zilikuwa zimechubuka
kama magoti ya mtoto.

Nje ni nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri.
Kope zinashikana ukipepesa.
Bomba limezikwa chini ya theluji, chini ya mabua ya ngano,
na humo mafuta yanatembea mwendo wa mtu
aliyechelewa kidogo
ila hataki aonekane anakimbia.

Saa nane na dakika kumi na moja
kituo cha mbele yetu, kilomita sitini, kikazimika.
Umeme.
Hapakuwa na kishindo. Tarakimu moja tu
ikaanza kupanda kwenye kioo, bila haraka,
kama mgeni anayezijua ngazi za nyumba.
Mafuta hayajui kusimama ghafla:
wa mbele akifunga mlango
wa nyuma wanamvaa mgongoni,
na kile kikumbo kinarudi ndani ya chuma
kwa mbio za sauti, kuja kwetu.
Chuma ni mvumilivu. Lakini uvumilivu wake
una unene, na unapimwa kwa milimita.

Simu ikaita. Chumba cha udhibiti, Edmonton,
sauti ya Marguerite Pelchat ambaye sijawahi kumwona uso:
"Kerrobert, punguzeni. Taratibu. Nasema taratibu."

Nilitaka kuzima zote kwa mkupuo mmoja.
Kidole kilishafika.
Orest akanishika kifundo cha mkono, hakunitazama:
"Ukizima zote unamtupia mzigo wa nyuma yako.
Naye ana wa nyuma yake."

Basi tukazima moja.
Tukahesabu.
Tukasikia kituo cha nyuma nacho kinapunguza,
yaani hatukusikia, tuliona tarakimu inasita,
inafikiri,
inashuka kama paka anayetoka juu ya kabati.
Huko gizani, hadi Hardisty na kupita,
watu tusiojuana kwa sura
tulikuwa tumeshika kamba moja
na kila mmoja anailegeza kidogo, kidogo tu.

Saa tisa na robo kituo cha mbele kikaamka.
Orest akamimina kahawa iliyokwisha kupoa,
akainywa vilevile. Daftarini akaandika mistari miwili,
mmoja kati ya hiyo ukihusu taa ya chooni.

Saa mbili asubuhi nikatia mafuta garini pale barabara kuu.
Mtu wa pampu ya jirani alikuwa anailaani bei.
Nikaitikia kwa kichwa.
Yale niliyoyasukuma usiku, niliwaza,
hayajafika hata kituo kinachofuata.

Nyumbani usingizi ulikataa.
Nikachukua bisibisi ya jikoni,
nikaigusisha kwenye friji, nikafumba macho.

Inakohoa.