Kiua Kisichozungushwa Uzi

Sanduku lilitoka bandarini Mkoani hadi Chake Chake
limefungwa kwa magodoro mawili ya wodi ya wazazi.
Dereva kaniuliza mara tatu: ndani muna nini?
Nikamwambia: muna jicho.
Akapunguza mwendo.

Chumba cha macho, mlango wa mwisho.
Nimefungua kifuniko, nimegeuza uso pembeni
pumzi yangu isije ikaweka ukungu kwenye kioo.
Leza yenyewe, punje.
Usiseme punje ya mchele; mchele kwake ni jabali.
Ingepita tundu la sindano ya Bi Mize
bila kugusa kingo.

Leza nilizozisoma chuoni hutoa mwanga ubavuni,
kama mtu asemaye kwa pembe ya mdomo.
Hii inatazama juu na inasema juu,
wima, duara kamili,
moshi wa chetezo katika chumba kisicho upepo.

Kioo chini, kioo juu,
na baina yao nafasi ambayo hata kuitaja ni kuipanua.
Humo mwanga huenda na kurudi, huenda na kurudi,
Safa na Marwa, wala si mara saba,
mpaka upate ruhusa ya kutoka.

Kioo cha juu kinaelea. Volti chache hukivuta,
kikashuka chini ya unene wa povu la sabuni,
na rangi ikageuka:
wekundu usioonekana, kisha jirani yake asiyeonekana,
safu nzima, mara laki moja kwa sekunde.

Kando nimefunga kichujio cha kulinganishia.
Naye ni vioo viwili, naye husogea,
ila hana neno lake mwenyewe.
Huiachia rangi moja, zilizobaki huzirudisha zilikotoka.
Kifumbu kinachobadili matundu yake:
sasa pita wewe, tui la kwanza;
sasa wewe, la pili.

Umeme ukakatika. Ukarudi. Ukakatika.
Mara ya tatu ukakaa.

Wa kwanza kuketi, shangazi yangu Bi Mize wa Wawi,
miaka arubaini na kofia za viua,
za maharusi, za makadhi, na moja ya mtu
aliyekufa kabla ya kuilipia.
Siku hizi akiutazama uzi kwa jicho la kulia
uzi hukatika katikati, na haujakatika.

"Weka kidevu hapa, shangazi."
"Mbona hamna taa?"
"Ipo. Huioni tu."
"Taa isiyoonekana. Na mshahara wako, nao vivyo hivyo?"
Daktari Thuwaiba akauma kalamu.

Sekunde nne.
Jicho limepasuliwa bila kisu,
tabaka juu ya tabaka, chapati iliyochanwa ingali moto.
Na katikati, pale kuona kunapokaa,
pengo. Kingo zimeinuka.

Daktari alikuwa anatafuta neno laini.
Mimi nilishika nyaya, nikaomba ziwe na kosa.
Bi Mize akageuza jicho lake la kushoto kwenye skrini:
"Hicho nakijua. Kiua kisichozungushwa uzi.
Nimezirudisha kofia nyingi kwa hicho.
Ukikiacha hutanuka. Chashonwa?"

"Hufungwa, mara nyingi. Si kwa uzi.
Ni kiputo cha hewa, huko Unguja,
kisha ulale kifudifudi siku kadhaa."
"Kifudifudi," akarudia.
"Sijida isiyoinuka."

Akavaa ukaya. Mlangoni akaniuliza mimi, si daktari:
"Hiyo taa yako, kwenda na kurudi kote huko, haichoki?"
"Hupungua kidogo. Lakini kila ikipita katikati
hukuta nyongeza."
"Basi imenizidi," akasema, akatoka,
mkono ukipapasa ukuta.

Jioni nimezima mtambo.
Nikaweka kiganja mbele ya mahali mwanga ulipokuwa ukitokea.
Palikuwa na joto kidogo,
au nilitaka pawe na joto.