Kifunika Udongo

Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa moja na nusu,
nachukua ubao wenye kibanio, fomu nne, kalamu ya akiba.
Naanzia getini, penye jina la chuo lililoandikwa kwa maua.
Herufi ya tatu imenyauka tena.
Naandika: herufi ya tatu.
Luhende ananifuata hatua mbili nyuma,
kofia mkononi, kana kwamba tunakwenda kuzika.

Ukoka: sentimita nne. Rula yangu inasema tano na nusu.
"Mvua, mama. Juzi imenyesha usiku kucha."
Michongoma: imenyooka. Ameipigia kamba mwanzo hadi mwisho,
konokono angepita juu yake asiyumbe.
Mifereji: majani, vizibo vya soda, soksi moja.
Soksi haina safu yake kwenye fomu.

Halafu mawe. Nani akague mawe ya Mwanza?
Yalikuwepo kabla ya Mkuu wa Chuo, kabla ya Kamati ya Mazingira,
yamebebana kama watoto waliokataa kushuka mgongoni,
na pimbi wamekaa juu yake wanatutazama,
wakaguzi wasiodai posho.
Mwaka wangu wa kwanza niliyaorodhesha, moja hadi kumi na nne:
"Jiwe. Kubwa. Mahali pasipofaa."
Mhasibu alicheka mpaka akavua miwani.

Kati ya maktaba na kantini kuna njia isiyokuwa kwenye ramani.
Tuliweka kibao: USIKANYAGE NYASI.
Kibao kikakanyagwa.
Tukapanda miiba; wakaizoea.
Ndipo Luhende akaleta mawe bapa kumi na tisa kwa toroli,
akayalaza palepale nyayo zilipokuwa zimepita.
"Njaa inajua njia," alisema, "mimi naitandikia tu."
Siku hizi naandika: njia ya miguu, hali nzuri.

Tukafika nyuma ya bweni la wasichana,
kwenye mteremko unaotazama ziwa,
ule ambao kila masika huhamia barabarani
pamoja na mbegu zetu za shilingi elfu themanini, bila kuaga.
Mara tatu tumepanda nyasi za kununua.
Mara tatu tumezifuata na koleo kule chini.

Leo umefunikwa wote.
Majani mapana kama viganja, yamekumbatiana,
ua moja moja la zambarau, hakuna upara hata wa kuweka kikombe.
Nikainama, nikavuta mti mmoja wa mtambao.
Udongo ukafunguka kidogo.
Bega la kiazi, jekundu, likachungulia.

Luhende akaanza kuhesabu pimbi.

Milembe akatokeza nyuma ya tangi la maji,
jembe bado lina udongo mbichi,
akasimama kama mtu aliyeitwa jina darasani.
Hakujitetea. Alisema tu:
"Mvua ya Ijumaa haikuchukua hata punje."

Fomu, ukurasa wa tatu:
Mimea isiyoidhinishwa. Ing'olewe ndani ya siku saba.
Kalamu ikagoma. Nikatoa ile ya akiba.
Ikagoma nayo, au ni mkono.

Nikainua macho niyapumzishe.
Juu ya jiwe la sita, mahali pasipofaa,
vipande vyeupe vyembamba vilikuwa vimeanikwa safu kwa safu,
michembe, kama alivyoanika mama yangu kule Magu
juu ya jiwe ambalo hakuna aliyewahi kulipa namba,
akitufukuzia kuku kwa kandambili,
miezi ile ambayo ghala lilikuwa na mwangwi.

Nikaandika, kwa mwandiko wa kazini:
Mmea mtambaao, wa kienyeji. Unafunika udongo.
Unazuia mmomonyoko. Usiguswe mpaka ukaguzi ujao.
Luhende akavaa kofia yake.

Safu ya mwisho, Maoni ya Mkaguzi,
ambayo kwa miaka sita nimeiandikia "hakuna":

Jiwe la sita linapata jua vizuri.